Mwanangu mwenye Down ana wiki 7, macho bado ya njano na choo kimepauka

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igombe hapa Mwanza, nauza dagaa. Mtoto wangu wa mwisho ni wa kike, sasa ana wiki 7. Alipozaliwa, daktari aliyemwangalia aliniita pembeni akaniambia ana dalili za sindromu ya Down. Alinionyesha mstari mmoja kwenye kiganja, shingo laini, macho yaliyopanda kidogo pembeni. Nililia siku ile, lakini nimeshampenda, na dada zake wanagombania kumbeba.

Kinachoninyima usingizi ni umanjano. Ulianza siku ya tatu, wakamweka kwenye taa, ukapungua, tukaruhusiwa. Alipoingia wiki ya tatu nikaona macho yamerudi kuwa ya njano, na mpaka leo hayajasafika. Choo chake mwanzoni kilikuwa cha kawaida, sasa kimekuwa cheupe cheupe kama udaga. Nepi zake za kitambaa nikizifua, doa la mkojo haliondoki. Tumbo naliona limejaa. Ananyonya kidogo anachoka, analala. Kwenye kadi uzito umepanda kidogo mno.

Nilipompeleka chanjo ya wiki 6 niliuliza. Muuguzi akamtazama akasema, "Mama, watoto wa namna hii ndivyo walivyo, wana mambo mengi. Mwanike jua la asubuhi." Nimemwanika kila asubuhi, hakuna kilichobadilika. Mama mkwe anasema ni nyongo, anachemsha mizizi, na ameshampa vijiko viwili mimi nikiwa mwaloni.

Mume wangu yuko kambini Ukerewe kwenye dagaa, hurudi nyumbani mwezi unapokuwa mkubwa. Nilimpigia kuhusu hela ya vipimo. Alinyamaza, kisha akasema, "Hata hiyo njano ikiisha, si bado atabaki vile vile?" Shangazi, neno lile limeniingia moyoni na halitoki.

Naomba unisaidie. Umanjano huu ni sehemu ya Down? Ni mimi niliyemletea? Nina miaka 39, na nikiwa mjamzito nilimeza zile SP za kuzuia malaria. Kuna cha kufanya, au nisubiri afikishe miezi mitatu kama jirani anavyonishauri?

Mama mwenye hofu, Igombe

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake. Nilikupigia mara tu nilipoisoma, na wasomaji nao wajue nilichokwambia: usisubiri Jumatatu, usisubiri mume arudi kutoka kambini, mpeleke mtoto hospitali ya rufaa leo, na ubebe nepi yenye choo. Nashukuru umekwenda. Sasa mmelazwa, damu imeshachukuliwa, nawe umeniruhusu niichapishe barua yako kwa sababu kuna mama mwingine Sengerema au Nansio ambaye naye anamwanika mtoto wake juani asubuhi hii.

Nianze na jibu ulilopewa kliniki, maana ndilo lililokula muda. Umanjano wa wiki 7 si tabia ya watoto wenye Down. Watoto wengi wenye Down wana ini zima na macho meupe. Ni kweli kwamba wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maradhi fulani ya moyo, tezi, damu na utumbo, na baadhi ya maradhi hayo hugusa ini. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto mwenye Down akiwa wa njano ndiye anayetakiwa kupimwa mapema kuliko mwenzake. Nimefanya kazi wodi ya watoto na nimesikia mara nyingi kauli ya "ndivyo walivyo". Inanikera, kwa sababu inamfanya mtoto aonekane kama ugonjwa wake mmoja, na kila kinachomsumbua baada ya hapo hakitafutiwi chanzo.

Sasa twende kwenye choo, maana macho yako wewe mama yaliona kitu cha maana kuliko vyote.

Ini hutengeneza nyongo. Nyongo hupita kwenye vijirija vidogo sana ndani ya ini, vijirija vinaungana kuwa mrija mkubwa, sehemu yake inahifadhiwa kwenye mfuko wa nyongo, kisha inamwagika kwenye utumbo. Rangi ya choo tunayoijua, iwe njano, kijani au kahawia, inatokana na nyongo hiyo. Choo kikipauka maana yake nyongo haifiki tumboni. Na kwa kuwa haina pa kwenda, ile rangi yake, bilirubini, inarudi kwenye damu na kutafuta mlango mwingine wa kutokea, ambao ni mkojo. Mkojo wa mtoto mchanga anayenyonya vizuri karibu hauna rangi. Ukiacha doa la njano iliyokoza kwenye nepi kila mara, hiyo ni dalili ya pili inayosema jambo lile lile.

Umanjano wa siku za kwanza ni mwingine kabisa. Ule unatokea kwa kuwa ini bado changa na bilirubini haijachakatwa. Taa za hospitali husaidia kuivunja. Huu wa mtoto wako, kama choo chake kinavyoonyesha, ni wa bilirubini ambayo ini limeshaichakata lakini imekosa njia ya kutoka. Taa haiusaidii. Jua nalo haliusaidii, hata umwanike mpaka saa tano. Ndiyo maana hukuona badiliko.

Kipimo cha kutofautisha hizi mbili ni kidogo na hakihitaji mashine kubwa: bilirubini ya jumla, na bilirubini ya dairekti peke yake, yaani ile ambayo ini limeshaichakata. Mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, umanjano ukipita siku 14, kipimo hicho kifanyike. Njiti hupewa mpaka siku 21. Dairekti ikizidi miligramu 1 kwa desilita, au maikromoli 17 kwa lita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho, ni tatizo la kufuatiliwa hata kama mtoto anacheka na kunyonya. Na choo kikiwa cheupe, zile siku 14 hazihesabiwi tena. Anapelekwa siku hiyo hiyo.

Sasa utauliza, ni nini basi kimeziba? Hilo hatujui bado, na wanaomtibu ndio watakaosema, lakini nikupitishe kwenye yale wanayoyatafuta ili wakitaja majina usibaki unatikisa kichwa tu.

La kwanza linahusu damu, na ni la watoto wenye Down hasa. Karibu mmoja kati ya kumi huzaliwa na chembe changa za damu zilizozaliana kupita kiasi, zinazofanana na za saratani ya damu. Kabla ya kuzaliwa, ini ndiko damu inakotengenezwa, kwa hiyo chembe hizo hujazana humo, ini na bandama vinavimba, na chembe zenyewe hutoa kemikali zinazoacha makovu kwenye ini. Mara nyingi hali hii hujiondokea yenyewe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Usishike hapo ukasema jirani yako alikuwa sahihi, kwa sababu wachache wao ini huharibika vibaya na wanahitaji dawa mapema, na sehemu ya waliopona hupata saratani ya damu ya kweli kabla ya kufikisha miaka 4. Kwa hiyo omba picha kamili ya damu, na omba tone la damu litazamwe kwa hadubini, si mashine peke yake. Wakikuta chembe hizo, atafuatiliwa damu mpaka apite umri huo.

La pili ni tezi ya thairoidi. Watoto wenye Down wanazaliwa na thairoidi dhaifu mara nyingi kuliko wengine. Dalili zake ni umanjano usioisha, usingizi mwingi, kunyonya kwa uvivu, choo kigumu. Kwa kawaida choo hakipauki. Inapimwa kwa damu, inatibiwa kwa kidonge kinachosagwa, na ikichelewa inamdhoofisha akili mtoto ambaye tayari anahitaji kila msaada. Hata kama chanzo cha umanjano kitaonekana kuwa kingine, kipimo hiki kidai.

Kuna na mawe au tope kwenye mfuko wa nyongo, ambayo kwa watoto wenye Down yanaonekana zaidi, na mengi huyeyuka bila kukatwa kisu. Wapo wachache ambao vijirija vya ndani ya ini ni haba tangu kuumbwa. Wapo ambao tatizo ni maambukizi, ya mkojo kwa mfano, ambayo yanatibika kwa siku chache.

Halafu kuna lile linalotufanya tukimbie: mirija ya nyongo kuziba na kunyauka nje ya ini, ambalo madaktari wanaliita biliari atresia. Linatokea kwa mtoto yeyote, mwenye Down na asiye nayo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, choo kinaanza na rangi, kisha wiki baada ya wiki kinapauka. Sisemi binti yako analo. Nasema hatuwezi kukaa bila kuliondoa kwenye orodha, kwa sababu nyongo iliyokwama inaliunguza ini kila siku, na upasuaji wake una saa yake.

Upasuaji huo unaitwa kwa jina la daktari wa Kijapani, Morio Kasai, aliyeuandika mwaka 1959. Anayeupasua huondoa mirija iliyokufa, kisha anachukua kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe na kukishona chini ya ini ili nyongo imwagike humo moja kwa moja. Ukifanyika kabla ya siku 60 za maisha, nafasi ya nyongo kutiririka ni kubwa zaidi. Kila wiki inayoongezeka baada ya hapo nafasi inapungua. Sitakuficha kwamba hata walioufanya mapema, wengi wao baadaye maishani wanahitaji kupandikizwa ini. Lakini miaka wanayoipata na ini lao wenyewe ni miaka ya kukua, na huanzia hapo.

Sasa unaona kwa nini sikutaka usubiri miezi mitatu. Wiki 7 bado iko ndani ya siku 60.

Watampiga altrasaundi. Kabla yake watakwambia usimnyonyeshe kwa saa chache ili mfuko wa nyongo ujae uonekane. Atalia, na bibi atakuonea huruma akwambie mpe titi kidogo. Usimpe, akinyonya mfuko unajikamua na kipimo kinakuwa bure. Wakitaka kuchukua kinyama kidogo cha ini kwa sindano, waulize maswali yako yote, kisha waruhusu. Na moyo upimwe kwa eko, yaani altrasaundi ya moyo, kama bado, kwa sababu karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na mtoa usingizi anahitaji kujua. Kasoro ya moyo inafanya upasuaji upangwe kwa uangalifu zaidi. Down peke yake haimnyimi mtoto upasuaji, na ukisikia mtu anaongea hivyo muulize kwa upole akuandikie sababu kwenye faili.

Jambo moja nililokusisitizia kwenye simu nalirudia kwa herufi: vitamini K. Nyongo isipofika tumboni, mafuta hayasagwi, na vitamini A, D, E na K zinapita bila kuingia mwilini. K ndiyo inayogandisha damu. Watoto wa namna hii wanaweza kutoka damu puani, kitovuni au, kibaya kuliko vyote, ndani ya kichwa, bila kuanguka wala kupigwa. Uliniambia wifi yako alipanga kumtoga masikio mwezi huu. Asitogwe mpaka damu ipimwe kuganda na apewe sindano ya vitamini K. Wenye watoto wa kiume, tohara isubiri vile vile. Ukiona alama za damu kwenye ngozi, au mtoto amelegea ghafla na kutapika, usimalize hata kumvalisha, mwite muuguzi.

Maziwa yako endelea nayo. Watoto wenye Down misuli ya midomo ni laini, wanachoka kabla ya kushiba, kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi kwa vipindi vifupi, na kinachobaki ukamue umnyweshe kwa kikombe kidogo. Wakiongeza maziwa maalumu au matone ya vitamini, fuata kipimo chao. Maji ya glukosi na maziwa ya ng'ombe hapana.

Mizizi ya mama mkwe nayo iishe leo. Najua anampenda mjukuu wake, na mkwe hapingwi kwa makelele. Mwambie hivi: "Mama, daktari ameniambia ini la mtoto limechoka, chochote kinachopita mdomoni lazima kipite kwenye ini, hata dawa za hospitali wanampimia kwa matone." Halafu mpe kazi. Awe yeye wa kutazama choo cha kila nepi, nje mchana na si kwa tochi ya simu, na akipige picha. Daktari atataka kujua kama choo kimekuwa cheupe moja kwa moja au kinabadilika badilika, na bibi mwenye macho makini atamjibu vizuri kuliko mtu yeyote. Na mwambie daktari kwamba mtoto alipewa dawa hiyo. Usimfiche kwa kuona aibu.

Umeuliza kama ni wewe uliyemletea. Hapana. SP inawalinda mama na mtoto dhidi ya malaria. Haileti Down na haizibi mirija ya nyongo. Down inatokana na kromosomu ya 21, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, kuwa tatu badala ya mbili, jambo lililogunduliwa Ufaransa na kutangazwa mwaka 1959, mwaka ule ule wa upasuaji wa Kasai. Mara nyingi kosa hilo linatokea yai linapogawanyika, kabla hata hujajua kama una mimba. Umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano, ni kweli, lakini wapo wengi waliozaliwa na mama wa miaka 22. Hakuna ulichokula, ulichobeba au ulichokosea.

Na mumeo. Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu. Sidhani amelisema kwa ukatili. Mtu aliyeko kambini, usiku ziwani, mchana anaanika, akisikia "Down" na "ini" kwenye simu moja anaweza kuona giza tupu. Lakini swali lake linahitaji kujibiwa, na jibu ni kwamba ndiyo, atabaki na Down. Atabaki pia na uwezo wa kukaa, kutembea, kuongea, kwenda shule, kumkimbilia baba yake akishuka kwenye mtumbwi, kwa kasi yake mwenyewe. Ini bovu ndilo linaloweza kumnyima hayo. Umanjano ukitibiwa hatumponyi Down, tunampa mtoto maisha yake. Usimwambie wewe peke yako. Muombe daktari dakika tano, mpigie simu mumeo mkiwa wote, aulize mwenyewe. Wanaume wengi hubadilika wakijibiwa na daktari swali waliloogopa kumuuliza mke.

Kuhusu hela, sera ya nchi ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kwenye hospitali za serikali. Ukikuta kuna kipimo au dawa mnayoambiwa mnunue na huna, usitoroke wodini. Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kila hospitali kubwa inaye, umweleze hali yako, ana utaratibu wa msamaha. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto na barua ya serikali ya mtaa kama unaweza kuipata. Kama mtahitaji kupelekwa Muhimbili, anza kuulizia rufaa na usafiri mapema, siku hiyo hiyo daktari anapolitaja jina hilo.

Kwa wauguzi wenzangu wa kliniki, kutoka Magu mpaka Ukerewe: mtoto akija chanjo ya wiki 6, mmeshamvua nguo kumpima uzito. Mfunueni nepi. Muulizeni mama rangi ya choo, na macho ya mtoto myatazame dirishani. Taiwan waliwapa akina mama kadi zenye picha za rangi za choo, wakaanza kuwapata watoto wa biliari atresia mapema zaidi kuliko zamani. Sisi hata kadi isipokuwepo, swali lipo.

Majibu ya altrasaundi yakitoka, nitumie ujumbe. Na bilirubini ya dairekti waombe wakuandikie namba yake kwenye kadi, usikubali "iko juu" peke yake, maana wiki ijayo tutataka kuilinganisha.